Babu Yako Aliitwa Kalunde

Kalunde mwanangu,

Saa hii uko saluni unasukwa nywele za safari, na kwa jinsi yule msusi anavyopenda kuongea, najua nina mchana mzima. Bucha nimeifunga. Kuna mteja amegonga mlango akitaka matumbo, nikanyamaza kama sipo. Mbele yangu kuna karatasi uliyonipa jana niitie sahihi kama mkuu wa nyumba yetu. Sijaitia, na sitaitia. Badala yake nakuandikia hii, tena kwa Kiswahili, maana Kikamba chako cha kusoma ni cha kuhurumiwa.

Kesho unaondoka kwenda Ujerumani kusomea uuguzi. Mambo ya koti, dawa, pasipoti na nani atakupokea uwanja wa ndege sitayagusa. Mama yako ameyasema tangu wiki iliyopita mpaka hata mbuzi waliofungwa huko nyuma wanayajua. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu jana jioni ulipotandaza mti wako wa ukoo pale mezani.

Niseme kwanza kwamba mti wenyewe ni mzuri. Jana sikuusifu kwa sababu nilikuwa na hasira. Wikendi nyingi umekuwa ukitoka hapa mjini Salama kwenda mpaka Kyuso, unakaa na wazee wasiosikia vizuri, unawauliza nani alimzaa nani, unarekodi kwa simu. Umepata jina la yule babu aliyehamia Kyuso kutoka upande wa Makueni wakati wa njaa, jina ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Anko yako Kimanzi alijua alichofanya alipokupa kazi hiyo, na mkutano wa ukoo wa Desemba utakuwa na kitu cha kutazamwa.

Lakini nilifuata kidole chako. Ulianzia juu ukashuka kwa mistari myeusi, mizito, nyumba ya huyu, nyumba ya yule, na ulipofika kwetu mstari ukakatika ukawa vitone. Na mahali pa baba yangu uliandika neno moja, "Hajulikani."

Nilipokuuliza ulinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi.

"Baba, hiyo ni njia ya kawaida tu ya kuchora. Mstari ni damu. Vitone ni wale waliingia kwa njia ingine. Anko Kimanzi alisema tufanye hivyo ndio watu wasibishane."

Kisha, kana kwamba hilo halikutosha, ukasema kwamba kisayansi Susu Kalunde, bibi uliyepewa jina lake, si ndugu yetu.

Niliondoka mezani. Mama yako alidhani nimekwenda kuangalia friji. Nilikwenda kusimama kando ya barabara, malori ya Mombasa yakinipita, kwa sababu niliuogopa mdomo wangu mwenyewe. Leo siuogopi tena. Mwanangu, mimi ni mchinjaji. Damu naiosha sakafuni kila asubuhi kwa mpira wa maji. Usiniambie habari za damu.

Kosa moja ni langu, nalikubali mapema ili tusilirudie. Nilikupa jina lake lakini sikukupa habari zake. Ulikua ukijua kwamba huko Kyuso palikuwa na bibi wawili, Kalunde na Ndunge, kwamba Ndunge alinizaa, na kwamba yule mwingine alikuwa "Susu mwingine" aliyefariki kabla wewe hujazaliwa. Nilifikiri mambo kama haya mtoto huyavuta tu hewani kama sisi tulivyoyavuta. Sikukumbuka kwamba wewe ulikulia Salama, kando ya lami, ambapo hewa ni ya dizeli. Basi nikuambie.

Mwendwa alikuwa mtoto wa kwanza wa babu yetu mkubwa, na Kalunde alikuwa mke wake. Hawakupata mtoto. Mwendwa alipokufa, ndugu zake walikuja na kamba ya kupimia shamba hata kabla nyasi hazijaota kaburini. Walimwambia Kalunde kwa heshima kubwa kwamba atajengewa chumba kwa mmoja wao, atalishwa, asiwe na wasiwasi. Yeye aliwapikia uji, wakanywa, kisha akawaambia nyumba ya Mwendwa haijafungwa.

Aliwachukua mbuzi wake akawaswaga mpaka kwa wazazi wa Ndunge, akatoa ntheo. Unajua ntheo ni nini hata kama sayansi haijui. Ni wale mbuzi ambao wakishapokelewa, binti ameolewa, hata kama hakuna gauni jeupe wala keki. Ndunge akaja Kyuso kama mke wa Kalunde. Kwetu mke wa namna hiyo huitwa iweto, na Kalunde hakuwa wa kwanza kuoa hivyo. Wanawake wa Ukambani walikuwa wakioa wake kuinua nyumba zao kabla ya mtu yeyote kutujengea kanisa wala kutuchorea mti. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile, na aliyetoa mbuzi ndiye baba yao. Nani alimpitia Ndunge hilo lilikuwa jambo la Ndunge na Kalunde, wakalimaliza kati yao. Mtu mzima mwenye adabu hakuuliza.

Mimi nilizaliwa hapo. Wote wawili niliwaita Mwaitu, mama, lakini kazi zao hazikuchanganyika. Ndunge alininyonyesha, akaniogesha, akanifichia makosa. Kalunde alinitahirisha. Alinifundisha kuhasi beberu bila kumtesa, kuchimba matuta shambani ili mvua isitoroke na udongo, kumjua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama pua. Alinichapa. Niliporudi na mbuzi pungufu nilijificha kwa Ndunge, naye Kalunde akasimama mlangoni akasema, "Mtoe huyo kijana. Asipoogopa mtu sasa, ataogopa kila mtu baadaye." Na kwenye vikao vya ukoo alikwenda na kigoda chake akaketi upande wa wanaume. Waliomwambia wanawake wako upande ule aliwajibu hivi, "Mwendwa hayuko. Mimi ndio niko." Hakunyanyua sauti. Akakaa tu, mpaka wakamzoea.

Kanisa halikumzoea. Alikuwa amebatizwa, anajua nyimbo zote, na walimtenga kwa sababu ya kuoa. Akanyimwa meza ya Bwana mpaka atakapomfukuza Ndunge. Hakumfukuza Ndunge na hakuacha kanisa. Kila Jumapili aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango, akiimba kwa sauti kuliko kwaya. Siku ya mavuno alibeba gunia la ndengu kubwa kuliko la mtu yeyote, na wazee wale wale waliomnyima mkate walizipika ndengu zake wakala wakapangusa midomo. Nilikuwa mtoto, nilikasirika nikamuuliza kwa nini anawalisha. Akaniambia, "Hizi ndengu si zao. Ni za Mungu. Wao wameingilia tu." Nilicheka mpaka nikaketi chini.

Sasa nikueleze ujinga wangu, maana wewe si wa kwanza katika nyumba hii kwenda kumtafuta huyo Hajulikani.

Nilikuwa kijana, nimempata mama yako, na nilikuwa najiandaa kupeleka watu kwao. Jirani mmoja akaniuliza kwa kicheko, nitakwenda na baba gani. Neno hilo liliniingia nikashindwa kulala nalo. Kulikuwa na shangazi asiyeweza kufunga mdomo, akanimwagia mtama wote. Yule mwanaume alikuwa mfanyabiashara, alikuwa akifika Kyuso kununua mifugo, na sasa ana duka la kamba na magunia huko Malili, barabarani. Hata akaniambia nikitazama masikio yake nitajiona.

Nikaenda. Na kwa kuwa nimelelewa vizuri, sikuweza kwenda mikono mitupu kwa mtu mzima. Nilichukua mbuzi. Hapo ndipo ujinga wenyewe. Ningepeleka sukari, mkate, blanketi, hata redio, ingekuwa zawadi. Lakini kijana aliye karibu kuoa akitoka kwao na mbuzi akampeleka katika boma la mwanaume na kusema "wewe ndiye ulinizaa," hiyo si zawadi tena. Amesema jambo ambalo hawezi kulifuta kwa kusema samahani. Tena mbuzi mwenyewe nilimtoa katika zizi la Kalunde, bila kumuuliza.

Yule mzee alifurahi kupita kiasi. Nilimtazama masikio na kweli nikajiona. Nilimtazama akitembea, bega moja chini, na hilo nalo lilikuwa langu. Sitakudanganya, mwanangu, ilinitikisa. Nilikaa katika duka lile nikinusa magunia mapya na nikahisi kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa hajui amekipoteza. Akamchinja mbuzi, akawaita majirani, akawaambia, "Huyu ni kijana yangu. Ameletwa na damu." Tukala. Niliposema kwamba karibu nioe, alifuta mikono akasema wazee wake ndio watakaonitangulia kwa wakwe, na mahari ya mabinti zangu siku zijazo itajua njia ya kwenda Malili. Nikairudisha nyama sahanini. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimechukua nyumba nzima, ile Kalunde aliyoisimamisha mbele ya shemeji zake na mbele ya kanisa, nikamkabidhi mtu ambaye hakuwahi kuninunulia hata kalamu.

Nilirudi Kyuso nikakiri kabla sijaulizwa. Ndunge alilia. Kalunde aliniuliza swali moja tu, kama yule mbuzi alikuwa mweusi au yule wa madoa. Nikamwambia wa madoa. Akasema, "Huyo alikuwa na mimba," akaingia ndani.

Kesho yake walivaa vizuri, yeye na Ndunge, wakapanda gari mpaka Malili. Nilifuata nyuma kama mtoto aliyevunja chungu. Kalunde alifika dukani kwa yule mzee, akamsalimu kwa adabu, akaketi mlangoni kabisa, pale wateja wanapopita.

"Nimekuja kuchukua mbuzi yangu," akasema.

"Mama, ile mbuzi tulikula. Kijana mwenyewe alileta."

"Kijana hana mbuzi. Mbuzi ni zangu. Na kijana pia ni wangu."

"Sasa nitatapika nyama ama?"

"Usitapike. Nipe ingine."

Mzee akacheka, akaona ni mchezo. Mteja akaja kununua kamba, akamruka Kalunde. Mwingine akaja, akauliza kuna nini, na Kalunde akamweleza bila kuficha kitu, tangu ntheo mpaka mbuzi wa madoa. Mwingine akaja, naye akaelezwa. Kufikia mchana kulikuwa na watu wengi wanaosikiliza kuliko wanaonunua. Mke wa mzee akatoka nyuma, akasikia habari ambayo nadhani hakuwa amewahi kuelezwa, na baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Tulipewa mbuzi. Mzuri pia, jike. Ndunge, ambaye siku hiyo yote hakuwa amefungua mdomo, ndiye aliyeshika kamba. Alipopita mbele ya yule mzee alimwambia, "Hatudaiani." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga mlango wa jiko.

Kwa nini nakuambia haya? Si kwa sababu ya kichekesho, ingawa mimi hucheka nikikumbuka. Nataka ujue kwamba jambo ambalo Kimanzi anasema halijulikani, Kalunde alilitangaza mchana, barabarani, Malili, mbele ya wanunuzi wa magunia. Halikufichwa. Jina la yule mzee ninalo. Ukilihitaji kwa ajili ya magonjwa ya kurithi, niulize nitakupa, maana ugonjwa wangu wa sukari umetoka kwake, na huo ndio urithi wa pekee aliowahi kuniachia. Liandike katika faili ya hospitali. Mahali pake ni huko.

Na kwa wakwe nilikwenda na baba yangu. Wazee wa kwa mama yako walikuwa wameketi, wakatuona tunaingia, babu yako mzaa mama akaangalia nyuma yetu kama kuna mtu aliyechelewa. Akauliza, "Baba ya kijana yuko wapi?" Kalunde akavuta kiti akaketi. "Ndiye huyu unaongea na yeye," akasema. Kisha babu yako, Mungu amrehemu, akawaambia vijana wamletee nyama ya wazee. Kalunde akaila taratibu, akinitazama usoni kila baada ya kipande. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akiogopa. Aliogopa kwamba ningeaibika kwa ajili yake. Mimi nilikuwa karibu kupasuka kwa fahari, na mpaka leo najuta kwamba sikumwambia.

Sasa tumzungumzie Kimanzi. Simchukii, usije ukafikiri. Ni mtoto wa mdogo wake Mwendwa, alinibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa mdogo, na nikiugua leo atakuja kabla ya ndugu wengine. Lakini amezeeka na wazo moja, kwamba ukoo ni lazima uonekane msafi. Ni mzee wa kanisa, wajukuu wake wako Nairobi, hataki mgeni aje Desemba aulize kwa nini kuna mwanamke pale panapokaa baba. Aliniambia kwenye simu, "Musembi, hatufukuzi mtu. Ni vitone tu. Si mko ndani?"

Tuko ndani kwa vitone. Na unajua vitone hivyo vitakwenda wapi? Kimanzi hakukuambia, labda kwa sababu hukuuliza. Shamba la babu bado liko kwa jina la marehemu. Mwaka mpya kamati ya ukoo inakwenda kwa chifu kutafuta barua ya warithi ili ligawanywe, na mti wako ndio watakaoutandaza mezani kwake, ndiyo maana wanataka kila mkuu wa nyumba autie sahihi. Umeuchora vizuri mno, unaonekana kazi ya msomi. Chifu ataufuata kwa kidole kama mimi nilivyoufuata, na akifika kwenye vitone atauliza hawa ni nani. Watamjibu kwamba hawa ni watu tuliowasaidia. Na kipande anacholima Ndunge, matuta ambayo mimi na Kalunde tuliyachimba kwa mikono, kitakuwa huruma ya ukoo. Mwanamke aliyelipiwa ntheo, aliyezika mume wake pale, atajengewa chumba, atalishwa, asiwe na wasiwasi.

Shamba nitalipigania mimi. Nina wakili, nina mdomo, na nina visu. Usiogope, visu natania. Hiyo si kazi yako na sitaki uibebe mpaka Ujerumani. Kazi yako ni ndogo. Uliyechora ni wewe.

Najua utasema mti ni wa ukweli, na ukweli hauchagui. Nimekubali. Basi tuwe na ukweli wote. Huyo babu uliyemvumbua, aliyehamia Kyuso wakati wa njaa, ulisema mwenyewe kwamba alikuja na watoto watatu, na mmoja alimwokota njiani, mzazi wake amekufa. Mzee aliyekusimulia hakukumbuka ni yupi kati ya wale watatu. Umewachorea wote mstari mzito. Kwa nini? Kwa sababu ni zamani, na kwa sababu ni wanaume. Huenda Kimanzi mwenyewe ametoka kwa yule aliyeokotwa. Mwambie hivyo ukiwa umeshapanda ndege, si kabla.

Mimi sikukatazi kutafuta watu wako. Tafuta. Ningalikuwa na akili yako ningalianza mapema, wakati wenye kujua walikuwa hai. Ninachojua, na nimekijua kwa gharama ya mbuzi mwenye mimba, ni kwamba mtu anaweza kutafuta asili yake kwa fahari au kwa haya. Mimi nilikwenda Malili kwa haya. Nilikuwa nataka mwanaume wa kumwonyesha jirani. Na nilimpata, na masikio yake, na bado nilirudi nyumbani nikiwa sina kitu. Wewe nani alikucheka, mwanangu? Unamwonea haya nani?

Leo asubuhi nimesikiliza rekodi zako. Zile ulizonitumia kwenye simu ili zisipotee ukiwa mbali. Sikutaka kuzisikiliza, nilitaka tu kuthibitisha kama zinafungua, na ya kwanza kufunguka ikawa ya Susu yako Ndunge. Nasikia kuku, nasikia kikombe. Halafu nasikia wewe, sauti yako ya adabu ile ya kazi.

"Susu, baba yake baba ni nani?"

"Kalunde."

"Hapana Susu, nasema yule mwanaume."

"Umeniuliza baba ama umeniuliza mwanaume?"

Ukacheka kidogo. "Baba."

"Kalunde. Andika."

Kuku tena. Kisha yeye, pole pole, kwa kuwa haoni vizuri siku hizi na hakuweza kuona mkono wako, "Umeandika?"

Na wewe ukasema, "Nimeandika, Susu."

Nilizima simu hapo. Sikulia, lakini kama ningekuwa mtu wa kulia ningelia. Ulikwenda mpaka Kyuso kumuuliza mtu anayejua kuliko sote tulio hai, akakujibu bila kusita, ukamwambia umeandika, ukaja nyumbani ukaandika kwamba hajulikani. Sikuoni kuwa mbaya. Nakuona umechoka na kubembelezwa na wazee, una safari, unataka amani. Mimi pia nilikuwa hivyo nilipofungua lile zizi.

Karatasi yako nitaiweka juu ya begi lako, bila sahihi na bila alama yoyote. Sijachora juu yake, ingawa kalamu ninayo na mkono ulinisukuma. Kesho nitakupeleka uwanja wa ndege na sitataja jambo hili njiani, kwa hivyo usikae ukiningojea nianze. Tutaongea habari za hali ya hewa na mama yako ataongea habari za koti. Faili iko kwenye kompyuta yako, na ulisema yule wa kuchapisha anaingoja wiki ijayo. Unaweza kufanya unachotaka ukiwa popote duniani. Wewe ni mtu mzima. Hata usipobadilisha kitu, nitakupigia simu Jumapili kuuliza umekula nini.

Lakini ujue kitakachotokea Desemba, usije ukasikia kwa watu. Kimanzi ameshaweka programu kwenye grupu la WhatsApp. Baada ya maombi na kabla ya chakula, kila nyumba itaitwa kwa jina la baba wa nyumba, watu wake wasimame, wapigiwe makofi, wapigwe picha mbele ya mti wako. Nimeisoma yote. Nyumba yetu haimo. Tumewekwa chini kabisa, chini ya "jamaa na marafiki", pamoja na wenye hema na viti.

Basi nyumba ya mwisho ikishakaa, kabla hawajaita jamaa na marafiki, mimi nitasimama. Sitapiga kelele na sitamtukana mtu. Nitataja jina la baba yangu kwa sauti ya kufika jikoni, nisimame hapo mpaka waamue kama watapiga makofi au watapiga picha au watanyamaza. Jina liwe kwenye mti, lisiwe. Nimempigia Susu yako simu kumwambia kwamba siku hiyo akae tu kitini, nitasimama kwa niaba yetu wote wawili. Amekataa katakata. Amesema atasimama mwenyewe, na unajua magoti yake yalivyo.

Baba yako,
Musembi wa Kalunde